Mabaka meusi mguuni: askari wa mwili na uvimbe wa kansa



Katika kliniki za tiba na matunzo, zile tunazoziita CTC, liko swali ambalo wagonjwa huliuliza kwa sauti ya chini, wakishabaki peke yao na muuguzi: "Waitu sista, nilipoanza dawa nilikuwa na mabaka mawili mguuni. Nimemeza mwezi mzima bila kukosa, sasa mabaka ni saba na mguu umejaa. Si dawa hizi ndizo zinazonimaliza?" Huyo ameuliza, na anayeuliza husaidika. Wengine hawaulizi. Huacha dawa kimya kimya, wakaanza kuzunguka kwa waganga, nasi hupata habari zao siku ndugu wanapowaleta wamebebwa.

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe si la kukemea. Ila ili lieleweke, inatubidi kwanza tueleze jambo ambalo wataalamu wa kansa duniani wamelichunguza kwa miaka mingi, yaani jinsi uvimbe wa kansa na askari wa mwili wanavyoishi pamoja na kubadilishana tabia. Sisi watu wa Kagera tumeliona jambo hili kwa macho yetu, tena tuliliona mapema, ingawa hatukupenda liwe hivyo.

Kansa ni mtoto wa nyumbani

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai nyingi mno. Kila siku chembe zilizochakaa hufa na nyingine huzaliwa kwa utaratibu. Kansa huanza pale chembe moja inapoacha utaratibu huo, ikazaliana bila kikomo na kukataa kufa wakati wake ufikapo. Kwa hiyo kansa si mdudu aliyeingia kutoka nje kama minyoo. Ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo aliyeasi, na hapo ndipo ugumu wa kumkamata ulipo.

Mwili una askari wake. Hawa ni chembe nyeupe za damu, nazo ni za aina nyingi. Wako wale waitwao chembe T, ambao baadhi yao ni makamanda (hao ndio CD4 tunaowahesabu maabara) na wengine ni wauaji. Wako wauaji wengine wasiongoja amri ya kamanda. Wako pia walaji, chembe kubwa zinazomeza uchafu na vijidudu, kisha zikasaidia kufunga kidonda.

Askari hawa hufanya kazi kama sungusungu wa kijiji wanaopita usiku. Kila chembe ya mwili hubandika juu yake vipande vidogo vya vitu inavyotengeneza ndani, mfano wa mtu anayetundika kitambulisho mlangoni. Askari hupita wakisoma. Wakikuta kipande kigeni, kwa mfano cha virusi au cha chembe iliyoharibika, chembe hiyo huuawa papo hapo. Mambo haya hutendeka ndani yetu nasi tukiwa shambani au kanisani bila kuhisi lolote.

Sasa uvimbe wa kansa haukai tu ukingoja kuuawa. Chembe nyingine huondoa kitambulisho mlangoni ili msomaji asione kitu. Nyingine hutoa kemikali za kuwaita walaji, lakini wakifika hawapewi kazi ya kumeza. Hugeuzwa kuwa mafundi wa uvimbe, wakiujengea mishipa mipya ya damu na kuupatia chakula, kwa kuwa kazi ya kufunga kidonda na kazi ya kukuza uvimbe zinafanana sana. Tena uvimbe huwaita askari wa amani, wale ambao Mungu aliwaweka watulize wenzao wasije wakashambulia mwili wenyewe, ukajizungushia hao kama ua. Na mwisho, uko uvimbe unaojua mahali breki ya askari ilipo, ukaibana. Askari anafika, anauona uvimbe kabisa, lakini mikono yake imelegea.

Ni sawa na kijiji ambacho mwizi amekaa na sungusungu muda mrefu hata akajua zamu zao, na baadhi yao akawanywesha lubisi.

Mwaka 2001 Robert Schreiber na wenzake wa mji wa St. Louis, Marekani, walitoa matokeo ya majaribio ya panya ambayo sisi huona ni mazuri sana kwa kueleza jambo hili. Walikuwa na panya waliozaliwa bila chembe za kinga, na wengine wenye kinga kamili. Panya wasio na askari walipata kansa kwa wingi zaidi, na hilo halishangazi. Kisha walichukua uvimbe wakauhamishia kwa panya wapya wenye kinga kamili. Uvimbe uliokulia katika mwili usio na askari ulikataliwa mara nyingi, takriban 4 kati ya 10. Lakini uvimbe uliokulia mbele ya askari haukukataliwa hata mmoja. Wote uliendelea kukua. Maana yake ni kwamba askari huua chembe dhaifu za kansa, na zile sugu zinazobaki ndizo zinazozaliana. Uvimbe tunaouona hospitalini tayari umekwisha kupita katika mikono ya askari na kujifunza kuwakwepa.

Yaliyotupata Kagera

Kansa inayoleta mabaka yale ya mguuni huitwa Kaposi, kwa jina la daktari Moritz Kaposi wa Vienna aliyeieleza mwaka 1872. Kwetu Afrika Mashariki na Kongo ilijulikana zamani kabla ya UKIMWI. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuijadili hiyo peke yake. Wakati huo ilikuwa hasa kansa ya wanaume watu wazima: mabaka na vinundu miguuni, mguu ukavimba taratibu, na mtu akaweza kuishi nayo miaka mingi.

Kisha ukaja mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini wakagunduliwa hapa mkoani Kagera. Wenye umri wetu wanakumbuka ulivyoitwa "Juliana", kwa jina la nguo zilizoletwa na biashara ya mpakani. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24 kati ya 100 walikuwa na virusi, na katika Muleba na Bukoba vijijini 10 kati ya 100. Hakuna jumuiya ndogo ndogo isiyokumbuka makaburi ya miaka ile, wala kibanja kisichobakiwa na bibi na wajukuu.

Katika miaka hiyo Kaposi ilibadilika sura. Iliwashika vijana. Iliwashika kina mama. Haikukaa mguuni tu, ilipanda usoni, mdomoni, ikaingia matumboni na mapafuni, na iliua kwa miezi badala ya miaka. Wataalamu walijiuliza: je, virusi vya UKIMWI (VVU) ndivyo vinavyoleta kansa hii? Jibu lilipatikana mwaka 1994, wakati Yuan Chang na Patrick Moore wa Marekani walipogundua ndani ya mabaka ya Kaposi kirusi kingine kabisa, cha jamii ya herpesi.

Kirusi hicho huenezwa zaidi kwa mate, na hapa kwetu wengi hukipata wangali watoto. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki wanacho. Ndugu msomaji, huenda unacho wewe, na sisi tunaoandika pia. Hakiambukizi kansa kwa kushikana mkono wala kwa kula sahani moja na mgonjwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mtu mwenye mabaka. Na katika wote walio nacho, ni wachache sana wanaopata kansa.

Kwa nini wachache? Kwa sababu ya askari. Kirusi hulala ndani ya chembe za damu, na kila kikiamka sungusungu hukirudisha. Kikipata nafasi huingia katika chembe zinazotandika mishipa ya damu ndani, kikazibadili zikawa ndefu kama sindano. Kirusi hiki ni kijanja kuliko vingi: huvuta kitambulisho mlangoni kisisomeke, na hutengeneza nakala ya uongo ya ujumbe ambao askari hutumiana, ujumbe wa kusema "zalianeni". Mishipa inayojengwa hapo ni mibovu, huvuja. Damu iliyovuja ndiyo inayoleta ile rangi ya zambarau iliyokolea au nyeusi, na maji yaliyovuja ndiyo yanayojaza mguu.

VVU huua makamanda. Makamanda wakiisha, wauaji hawana wa kuwaelekeza, na Kaposi husimama.

Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Zambia na Marekani, walichapisha uchunguzi wa vinyama vya Kaposi kutoka kwa wagonjwa wa Tanzania na Zambia, wenye VVU na wasio na VVU. Walikuta kwamba mambo yanayotendeka ndani ya uvimbe ni karibu yale yale kwa makundi yote mawili. Basi VVU si mwizi wa nyumba hii. VVU ni yule aliyefungua lango. Ushahidi mwingine unatoka kwa watu waliopandikizwa figo. Hao hupewa dawa za kuwalegeza askari ili figo ngeni isikataliwe, na baadhi yao hupata Kaposi bila kuwa na VVU. Mwaka 2005 madaktari wa Italia walieleza jinsi walivyowabadilishia dawa hizo wagonjwa wa namna hiyo, na mabaka yakatoweka.

Sasa tulijibu lile swali

Mtu mwenye VVU na Kaposi akianza dawa za kufubaza VVU, virusi hupungua na makamanda huongezeka. Kwa wengi ambao mabaka ni machache na mguu haujavimba, dawa hizo peke yake hufifisha mabaka miezi inavyokwenda. Ulaya na Marekani wagonjwa wapya wa Kaposi walipungua sana baada ya mwaka 1996, dawa za mchanganyiko zilipoanza kutumika. Kwetu zilianza kutolewa bure katika mpango wa taifa mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 hatungoji tena CD4 zishuke. Anayepimwa akakutwa na VVU huanza.

Lakini kwa baadhi ya wagonjwa, hasa waliochelewa kuanza, majuma ya kwanza huwa ya taabu. Mabaka huongezeka, huvimba, huuma. Si kwamba dawa imeshindwa. Askari waliokuwa wameisha wamerudi kwa wingi, wamekuta mwizi ameweka makao nyumba nzima, na vita imeanza. Vita ina moshi. Tena Kaposi ina tabia ya pekee: zile kelele za askari, kemikali wanazotoa wanapoitana, kwake ni mbolea. Kwa muda mfupi, kurudi kwa askari hukuza kile wanachokipiga.

Hali hii hutokea mara nyingi ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Ikikupata, fanya mambo mawili: usiache dawa, na rudi kliniki siku hiyo hiyo au kesho yake, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ni hatari ya kweli na wapo wanaofariki kwayo, kwa hiyo hatuwaambii mkae nyumbani mvumilie. Wengi wa hao huhitaji kuongezewa dawa za kansa zinazopitishwa mshipani, huku za VVU zikiendelea. Anayeacha dawa za VVU katika siku hizo huona nafuu ya siku chache kwa sababu vita imesimama, akadhani amethibitisha kwamba dawa ndiyo iliyokuwa mbaya. Kumbe askari wameondolewa na mwizi amebaki. Akirudi kwetu, mabaka yako mapafuni.

Ndugu wa mgonjwa nao tunawasihi. Mara nyingi anayesema "achana na hivyo vidonge" si mgonjwa mwenyewe. Ni kaka, ni shangazi, ni jirani mwenye huruma.

Jihadharini na prednisoloni

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linaharibu watu na halisemwi vya kutosha.

Mguu ukivimba, mtu hukimbilia duka la dawa. Huuziwa vidonge vidogo vya prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi. Wengine hupewa hizo na waganga wa kienyeji, zimesagwa zikachanganywa na unga wa majani, na mgonjwa husifu mitishamba kwa jinsi ilivyomrudishia hamu ya chakula. Dawa hizi ni nzuri mahali pake. Huokoa wenye pumu na wengine wengi. Lakini kazi yake kubwa ni kuwatuliza askari, na kwa mwenye Kaposi kuwatuliza askari ni kumpa mwizi usingizi wa kijiji kizima. Zaidi ya hayo, steroidi huchochea chembe za Kaposi zenyewe zizaliane. Mtu anaweza kuwa na mabaka matatu, akameza vidonge hivyo majuma mawili, akaamka na mabaka mwili mzima.

Kwa hiyo kama una mabaka, au una VVU na hujui mabaka hayo ni ya nini, usinunue steroidi kwa kujitibu. Ukiandikiwa na mganga wa hospitali, mwambie na umwonyeshe mabaka. Lakini yule anayemeza prednisoloni kwa miezi mingi kwa amri ya daktari asiiache ghafla kwa kusoma makala haya, maana kuiacha ghafla nako kuna hatari. Aende aulize.

Dawa za bei kubwa na dawa ya bure

Mwaka 2018 Tuzo ya Nobeli ya tiba walipewa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, kwa sababu waligundua zile breki za askari na njia ya kuzifungua. Mwaka 2025 tuzo hiyo ilikwenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa ugunduzi juu ya askari wa amani tuliowataja. Utaona kwamba mambo haya si ya kubahatisha. Ndiyo elimu kubwa ya kansa ya siku hizi.

Dawa za kufungua breki zimewaponya watu wa kansa fulani za ngozi na mapafu ambao zamani hawakuwa na tumaini. Zimejaribiwa hata kwa Kaposi. Huko Ufaransa, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022, wagonjwa 17 wa Kaposi wasio na VVU walipewa dawa ya namna hiyo, na 12 kati yao mabaka yalipungua au kutoweka. Lakini gharama yake ni mamilioni ya shilingi kwa kila mara inapotundikwa, na breki ikifunguliwa askari wanaweza kushambulia utumbo, mapafu au tezi la shingo la mwenye mwili. Katika hospitali zetu za vijijini dawa hiyo haipo.

Hata hivyo tunaona watu wetu wanakosea wakifikiri kwamba tiba ya kuamsha askari dhidi ya kansa ni ya matajiri tu. Kidonge cha CTC ni tiba ya namna hiyo. Hakifungui breki, kinarudisha makamanda; lakini kazi ya kuupiga uvimbe inafanywa na askari wale wale. Na kinatolewa bure, Muleba hapa hapa. Tungependa siku moja tuone watu wakikitunza kama wangetunza kitu walichokinunua kwa milioni kumi.

Kansa nyingine mbili kwa ufupi

Kansa ya shingo ya kizazi inafuata njia hiyo hiyo. Huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wanawake wengi wakikipata, askari wao hukifukuza katika muda wa miaka miwili hivi. Kwa mwanamke mwenye VVU kukifukuza ni vigumu zaidi, ndiyo maana tunamwita apimwe mara kwa mara, hata akiwa hana dalili yoyote. Chanjo kwa wasichana ilianza nchini mwaka 2018. Wazazi wanaowaficha mabinti siku ya chanjo shuleni kwa sababu ya uvumi, tunawaomba waje kwanza watuulize.

Nyingine ni uvimbe wa taya wa watoto, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Huo nao una kirusi chake, kilichogunduliwa mwaka 1964, lakini mshiriki wake mkubwa ni malaria: malaria ya kurudia rudia huwachosha askari wanaokilinda kirusi, na papo hapo huzichochea chembe ambazo kirusi kinalala ndani yake zizaliane ovyo. Wilaya yetu inaijua malaria. Ni hapa Muleba ambapo vyandarua vyenye dawa ya aina mbili vilijaribiwa kuanzia mwaka 2015, na vikaonekana kuwakinga watoto kuliko vya kawaida. Mtoto ambaye taya linavimba kwa siku chache na meno yanalegea, msimpeleke kung'olewa meno wala kuchanjwa chale. Uvimbe huu hukua haraka kuliko karibu kansa zote, lakini hutibika vizuri kwa dawa ukiwahiwa.

Nini kitazamwe nyumbani

Mabaka ya Kaposi mwanzoni hayaumi wala hayawashi, na ndiyo sababu hupuuzwa. Yatafuteni nyayoni, kati ya vidole, kwenye paja, puani, nyuma ya sikio. Mwambie mgonjwa afungue mdomo, mtazame kaakaa kwa tochi: baka la zambarau humo ni jambo la kuja hospitali wiki hiyo hiyo. Kikohozi chenye damu au choo cheusi kwa mtu mwenye mabaka ni jambo la kuja leo. Mguu unaovimba mmoja tu na kuwa mgumu kama ubao wengine huuita matende, wengine husema amekanyaga uchawi. Uonyeshwe kwanza.

Na mzee asiye na VVU akiwa na mabaka hayo asione aibu kwamba watu watamfikiria vingine. Tumekwisha kusema kwamba Kaposi ilikuwako kabla ya UKIMWI. Apimwe VVU kama kila mtu, na jibu likiwa hana, atatibiwa kama asiye nacho.

Wapo wanaotuuliza juu ya Mtakatifu Peregrini, msimamizi wa wagonjwa wa kansa, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1726. Inasimuliwa kwamba alikuwa na kidonda cha kansa mguuni kilichopona usiku ule kabla ya mguu kukatwa. Ombeni kwa maombezi yake, nasi huomba. Ila tuangalie pia kwamba hata yeye alikuwa na daktari, na miadi ya upasuaji alikuwa ameikubali. Padri aitwe kwa Mpako wa Wagonjwa mapema, mgonjwa angali na akili zake, wala asichukuliwe kuwa ndiye mpiga kengele ya kifo.

Ukifika hospitali, daktari huweza kukata kinyama kidogo kutoka kwenye baka, kama punje ya maharage, kipelekwe kupimwa. Watu wengi hukataa hapo, wakisema kansa ikiguswa na kisu hutawanyika. Kukata kinyama cha Kaposi hakuitawanyi. Hufanyika kwa ganzi, dakika chache, na bila hicho kinyama tunaweza kumtibu mtu Kaposi kumbe ana kifua kikuu cha ngozi au ukoma. Kwa wale ambao ugonjwa umeenea, dawa ya paklitaxeli ndiyo iliyoonekana bora katika majaribio ya nchi za Afrika na Amerika ya Kusini, zikiwamo Kenya na Uganda, yaliyochapishwa mwaka 2020. Kwa tiba hiyo tunawaandikia barua kwenda Bugando, Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025 gari halingoji tena kivuko, na tunashukuru, maana wapo waliokuwa wakilala kwenye foleni na dripu mkononi.

Majibu ya kinyama huchukua majuma kadhaa. Wakati wa kukatwa, acheni namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya ndugu anayeishi karibu naye, tena mzitaje polepole muuguzi aziandike sawasawa. Anayesafiri abebe barua yetu, kadi ya CTC na vidonge vya miezi miwili.